Nilivyolitafuta Ziwa Kimara

Liuli nzima, ukianza habari ya mbio, watu wanakwambia, "Muulize Aidan." Aidan ndiye mimi. Na nikiulizwa huwa sinyimi mtu. Ujanani nilikimbia na tenga la usipa kichwani kutoka Liuli mpaka Mbamba Bay, nikafika samaki bado wanashangaa kutolewa ziwani. Usipa ni wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Namweleza wa mbali, wa kwetu ana mmoja mdomoni sasa hivi. Jambo la ajabu ni kwamba mbio zile zinarefuka zenyewe kila mwaka. Zilianza kama mbio za kwenda kijiji cha pili. Siku hizi zinakaribia Mbinga, na Mungu akinijalia uzee mwema nitazifikisha Songea.

Shule niliishia darasa la tano. Mwalimu wa hesabu aliniambia nina kichwa kigumu, nikamjibu ndiyo maana kinafaa kubebea tenga, tukaachana kwa amani. Tangu hapo kazi yangu ni kupandisha usipa wakavu milimani Mbinga na kushusha maharage ziwani. Kimatengo ninacho cha sokoni tu: kusalimia, kusifia mzigo wangu, na kukana kwamba una mchanga.

Mwaka jana mwezi wa sita nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, na sikwenda kutembea. Marehemu dada yangu Marselina aliacha watoto wawili. Mkubwa ni Victor, ambaye amejenga Kawe. Mdogo ni Herieth, muuguzi, aliyekuwa akikaa kwa kaka yake. Herieth alikuwa amepata mchumba, Joakim, Mmatengo wa Kigonsera, huko milimani Mbinga, fundi umeme mwenye heshima hata akiwa juu ya nguzo. Wazee wa Joakim walikuwa wanaleta posa Jumamosi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuipokea.

Kwa ukoo wetu posa haipokelewi na kaka wala mwenye nyumba, hata nyumba iwe na ghorofa. Anaipokea mjomba, yule aliyezaliwa tumbo moja na mama wa binti. Wageni wanasimama nje, wanapiga hodi, na mjomba anaitikia kutoka ndani. Hodi ya tatu ikipita bila mjomba kuitikia, wageni wanageuka, na hakuna wa kuwalaumu, maana wameshajibiwa. Huwezi kupiga simu kesho yake kusema samahanini, mjomba alikuwa chooni.

Na posa yenyewe ilikuwa inachechemea tayari. Wao Wakatoliki, sisi Waanglikana wa tangu babu. Aliyeongoza msafara wao alikuwa mzee Othmar, baba mkubwa wa Joakim, mzee wa kanisa ambaye habari zake zilitufikia kama habari za simba: hatukumwona, tulisikia tu anavyounguruma. Mshenga wetu Steven alitupigia simu akasema mzee anakuja mara moja tu, na akipata sababu ya kurudi ataichukua aende nayo. Herieth naye akanipigia mwenyewe.

"Mjomba, nakuomba uwepo tu," alisema. "Uwepo, na usiongee sana."

La kwanza nililiahidi. La pili nililichukulia kama utani.

Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa kwa Victor, nimekula, miguu nimeinyoosha kwenye zulia lake. Victor akaniambia kwamba kila Jumamosi alfajiri anakimbia na klabu yao ya jogging, watu wazima wenye fulana za rangi moja, wanakimbia na kuimba mpaka Mwenge na kurudi. Alisema wiki hii hatakwenda kwa sababu ya ugeni. Alikuwa anazungumza tu, maskini. Hakujua amemwonyesha ng'ombe majani.

Nikamwambia naenda mimi. Akasema mjomba, pumzika, wageni wameshaingia mjini, wamelala kwa ndugu zao Kimara, saa nne watakuwa mlangoni. Nikamwambia saa moja nitakuwa nimerudi, nimeoga, na ninawasubiri wenzake wa klabu wafike. Kimara kwangu ilikuwa jina tu, kama Roma. Herieth alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akanitazama kwa muda, akarudi kwenye mchele. Hakusema neno, na mimi nikahesabu hilo kuwa ni ruhusa.

Alfajiri nikavaa fulana ya Victor ya rangi ya chungwa, iliyonibana tumboni mpaka maandishi ya klabu yakanenepa. Viatu vyake navyo vilinibana, lakini mtu aliyekimbia na tenga hasemi viatu vinambana. Bukta haikuwa na mfuko, kwa hiyo simu nikaiacha kwenye chaji. Klabu ilikuwa imekusanyika kituo cha mafuta, nyuma tu ya mtaa wa Victor. Waliposikia mimi ni mjomba wake kutoka Nyasa walinipa shikamoo nyingi, na shikamoo ni kitu kibaya sana kwa mtu kama mimi. Kila moja inaingia kichwani.

Tukaanza. Mwenye filimbi akawa mbele, wengine nyuma wanaitikia nyimbo. Mwendo wao ulikuwa wa kubembeleza, kama wa watu wanaosindikiza maharusi. Nikavumilia kidogo, kisha nikampita mwenye filimbi. Akaniambia, "Mzee, taratibu." Nikasikia sifa. Nikaongeza. Nyimbo zikawa zinafifia nyuma yangu, zikafifia, zikakatika kabisa, na mimi nikacheka peke yangu barabarani: nimewachosha mpaka wameshindwa kuimba. Kumbe walishafika Mwenge wakageuka wanarudi kwao. Mimi ndiye niliyekuwa nashindana na watu wanaokwenda upande mwingine.

Nilipogundua niko peke yangu nilikuwa nimeshazungukazunguka kwenye makutano pale, nimevuka huku, nimepita nyuma ya maduka ya vinyago, nimetokea kule, na barabara zote zinafanana kama mapacha. Mtu mwenye akili angeuliza njia ya Kawe. Lakini nifike saa moja nyuma ya watu niliowaacha, tena nimeelekezwa na muuza karanga? Nikasema hapana. Mimi nina elimu yangu.

Kwetu Liuli kila mtoto anajua bila kufundishwa: asubuhi jua linatokea nyuma ya milima, na ziwa liko mbele. Jua likikupiga mgongoni, unatazama maji. Huwezi kupotea hata ukiwa umelewa, na hilo nimelijaribu mwenyewe zaidi ya mara moja. Nyumba ya Victor iko karibu na bahari, unasikia chumvi mpaka chumbani. Basi nikapanga kwanza niyafikie maji, kisha nifuate ufukwe mpaka Kawe. Jua lilikuwa limeshainuka juu ya mapaa, zuri, jekundu. Nikalipa mgongo, nikaenda.

Nilikimbia vizuri, lazima niseme. Watu waliokuwa wanasubiri magari walinitazama, nikawapungia. Nikafika Ubungo, mahali ambapo barabara zimepandishwa moja juu ya nyingine kama vitanda vya bwenini, na kila kitanda kina magari yake. Nikatazama kivuli changu. Kilikuwa kimelala mbele, kirefu, kimeninyooshea njia. Nikakifuata.

Mbele ya Ubungo barabara ikaanza kupanda. Hapo mtu mwingine angeshtuka, mimi nikafurahi. Maana kutoka Mbinga kwenda ziwani ni hivyo hivyo: unapanda, unapanda, unakata tamaa, halafu mlima unakwisha ghafla na ziwa zima limelala chini yako kama ngozi iliyoanikwa. Nikajiambia Aidan, umekaribia, kilima hiki kimoja tu. Kilipokwisha kikaja kingine. Nikajiambia huyu ndiye wa mwisho, yule alikuwa mdogo wake. Mabasi ya mwendokasi yalinipita katikati ya barabara, watu wamebanana madirishani wananitazama kama wanaotazama mnyama hifadhini. Nikafika kituo kimoja, nikasoma ubao: Korogwe. Korogwe ninayoijua mimi iko Tanga. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro kuhesabu kama kweli mtu anaweza kukimbia mpaka Tanga kabla ya chai, na aibu yangu ni kwamba kwa dakika nzima niliona inawezekana, kwa mtu kama mimi.

Viatu vya Victor vilikuwa vimeshaanza kazi yake. Kisigino kimoja kilikuwa kinateleza ndani kwa unyevu ambao niliamua kuuita jasho.

Jirani na kituo kulikuwa na mama anakaanga vitumbua. Nikamwamkia kwa heshima, nikamuuliza kama ufukweni bado mbali.

"Ufukwe gani, baba?"

"Wa bahari, mama. Nikishuka kilima hiki si naikuta?"

Hakucheka. Nadhani aliona hali yangu. Aliinua ule uma wake wa kugeuzia, mafuta yanadondoka, akaonyesha kule kule nilikotoka, kwenye jua.

"Bahari umeipa mgongo, baba. Huku mbele unakwenda Morogoro."

Kumbe Dar es Salaam maji wameyaweka upande jua linakotokea. Sikujua kama inaruhusiwa.

Nikamuuliza hapa ni wapi, akasema Kimara, Korogwe ni jina la kituo tu. Saa je? Akatazama simu yake, akaniambia saa tatu inakaribia. Ndipo kichwa changu, ambacho mwalimu alisema ni kigumu, kikafunguka chote kwa mara moja. Wageni mlangoni saa nne. Hodi tatu. Mtoto wa Marselina amekaa chumbani na kitenge chake kipya, anasikiliza hodi ya kwanza, ya pili, anasubiri sauti yangu, sauti ambayo maisha yake yote haijawahi kukosekana mahali, hata pale isipohitajika. Na siku hiyo moja inayohitajika iko Kimara inauliza bahari.

Mama yule akanipa simu nipige. Namba ya Victor siijui. Naijua kwa picha yake kwenye simu yangu. Nikamwendea kijana wa bodaboda, nikamweleza atalipwa tukifika. Akanitazama kuanzia fulana hadi viatu, akasema, "Mzee, Kawe mbali, na wewe hata mfuko huna." Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, tena kwa dharau zaidi.

Basi nikageuka, nikalikabili jua, nikaanza kukimbia tena. Na hii ndiyo niseme ilikuwa mbio. Zile za asubuhi zilikuwa maonyesho. Tumbo limefunuka, mikono inapiga hewa ovyo, mdomo wazi, nachechemea na kukimbia kwa pamoja. Sikumpungia mtu.

Sasa, kwetu mtu mzima hakimbii barabarani bure. Ukimwona baba mwenye mvi anakimbia, kuna msiba, kuna moto au kuna mwizi, na kumpita bila kumuuliza ni sawa na kumtukana. Dar hawana desturi hiyo. Asubuhi nzima walikuwa wamenipita na magari yao mazuri, wakidhani natafuta afya. Gari moja tu ndiyo ilisimama, Noah nyeupe iliyozeeka. Dirisha likashuka, akachungulia mzee aliyevaa koti jeusi zito, koti la milimani, kwenye joto lile.

"Baba, pole. Nani amefariki?"

Lafudhi ile ningeijua hata usingizini. Ni lafudhi iliyonipunguzia bei ya usipa maisha yangu yote. Nikamjibu hakuna aliyefariki, nimechelewa tu Kawe. Akasema panda, nasi tunakwenda Kawe. Nikapanda kabla hajabadilisha mawazo. Nyuma kulikuwa na mama mnene amepakata kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, na pembeni yake khanga mpya bado zina mikunjo ya dukani.

"Kaka Othmar, msogezee baba wa watu akae vizuri," alisema yule mama.

Mimi ni mtu mweusi sana, lakini nadhani pale nilipauka. Simba mwenyewe ndiye huyu, goti lake limegusana na langu. Ningefanya nini? Ningesema, shikamoo mkwe, mimi ndiye mjomba mnayekwenda kupokelewa naye, kama mnavyoniona na bukta? Waliniuliza natoka wapi nyumbani. Nikasema Namswea, kijiji cha huko kwao, na jina langu nikasema Joakim. Lilikuwa jina la kwanza kunijia, na tayari ni la bwana harusi. Wakafurahi sana kumpata mtu wa milimani. Mama yule, aliyejitaja kuwa Walburga, shangazi wa kijana, akanisalimu kwa Kimatengo, nikaitikia sawasawa. Akaniuliza jambo la pili, refu kidogo. Kimatengo changu kwenye jambo la pili kinaingia kwenye bei ya dagaa. Nikakohoa mpaka akanipa maji.

Wakanieleza safari yao. Kisha Walburga akaniuliza, mimi niliyezoea mjini, watu wa ziwani nawaonaje.

"Ni watu wema sana," nikasema. "Hodari. Warefu."

"Warefu wako wapi?" alisema Walburga. "Sisi tunavunjika migongo kuchimba mashimo ya ngoro tulime mlimani, wao wamekaa mchangani wanasubiri samaki aje mwenyewe. Haya, na huyo mjomba wa binti, tunaambiwa ndiye anayepokea, na tunaambiwa mdomo wake hauna kufuli. Eti alikimbia na tenga la dagaa kutoka Liuli mpaka Mbamba Bay."

"Mimi nilisikia ni mpaka Mbinga," nikasema. Wallahi ulimi ulikwenda wenyewe.

Walburga akacheka mpaka kikapu kikatikisika. Mzee Othmar hakucheka. Alikuwa anatazama nje, amelaza viganja juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mimi nikadhani ananguruma kimyakimya. Aliponigeukia akazungumza polepole, kama unavyozungumza na mtu usiyetegemea kumwona tena.

"Ndugu yangu, mimi mlango huo nauogopa," alisema. "Kijana huyu nimemlea mimi, baba yake alikufa mapema. Amesema asipompata binti huyu haoi, na namjua, hasemi mara mbili. Kanisa tutaliongea, mapadri wapo, wachungaji wapo. Lakini kwao hodi zikiwa tatu bila jibu, basi. Mjomba akiwa na kiburi chake, akakaa kimya ndani aone tutafanya nini, mimi nitarudi Kigonsera na nini?"

Nikatazama magoti yangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kukosa la kusema ndani ya gari. Huko nyumbani tulikuwa tumekaa tunamwogopa yeye, na yeye huku amevaa koti la baridi kwenye jua la Dar anamwogopa nani? Mimi. Kuogopwa na mtu ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sikuipenda kama nilivyotarajia.

Tulipofika Kawe, Walburga akamwambia dereva asimame kwenye kituo cha mafuta, ndipo walipopatana kukutana na mshenga, naye afunge kilemba chake vizuri. Ilikuwa kile kile kituo cha alfajiri. Steven alikuwa ananijua kuliko anavyolijua jina lake, na kwa mbali nilimwona anakuja na suti. Nikashukuru, nikashuka upande wa pili, nikainama kama nafunga kamba ya kiatu mpaka nikapita nyuma ya pampu. Kisha nikaingia vichochoroni.

Victor alikuwa getini na simu mbili masikioni. Wenzake wa klabu walikuwa wametawanyika ufukweni mpaka Mbezi Beach kunitafuta, maana aliwaambia mjomba wangu ni mtu wa ziwani, akipotea atakwenda kwenye maji. Aliponiona akafungua mdomo, nikamwambia funga, wako kituo cha mafuta.

Herieth alikuwa amesimama ukumbini. Uso ulikuwa umepakwa poda upya, na chini ya poda macho yalikuwa mekundu. Nilingoja anikaripie. Alipiga magoti, akaanza kunivua viatu. Soksi moja ilikataa kutoka, akailowesha kwa maji, ikatoka na ngozi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kiatu cha suti hakitaingia hapo leo. Nikavaa suruali, nikavaa koti la suti juu ya fulana ya klabu, nikafunga vifungo vyote ili ile rangi ya chungwa isichungulie. Ikachungulia.

Hodi ya kwanza ikapigwa nikiwa natafuta kifungo cha mwisho. Hodi ya pili ikapigwa nimesimama nyuma ya mlango, na pumzi haitoki. Mimi, Aidan, sauti imekauka. Nasikia huko nje mtu anasogeza miguu kwenye changarawe. Nasikia nyuma yangu kitenge cha Herieth kinavyochakacha. Hodi ya tatu mzee Othmar aliipiga kwa sauti ya chini kabisa, kama hataki isikike, isije ikaisha.

"Karibu," nikasema. Ilitoka kama ya kuku.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Othmar alinitazama usoni. Akashuka kwenye koti, akashuka kwenye fulana, akafika miguuni, akarudi usoni. Walburga aliziba mdomo kwa kitambaa cha kikapu. Steven mshenga, ambaye hakuelewa chochote, alianza kunitambulisha kwa sifa: huyu ndiye mzee wetu, nguzo ya ukoo, mtu mtulivu.

"Tunamfahamu," alisema mzee Othmar. "Ni mtu wa Namswea."

Victor akatazama dari.

"Mjomba," aliendelea yule mzee, na sura yake haikuonyesha kama anakuja au anaondoka, "sisi tumetoka Kigonsera. Njiani tulimwokota mtu anakimbia, tukamuuliza nani amekufa, akasema hakuna. Kabla hatujaingia, tungependa kujua alikuwa anakimbilia nini."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa zuri, nililitengeneza kichochoroni: kwamba kwetu Liuli mgeni wa heshima hafuatwi kwa gari, mjomba humfuata kwa miguu yake mwenyewe. Nikalianza. Nikasema, "Mzee mwenzangu, kwa ukoo wetu, mjomba huwafuata wageni huko huko waliko."

"Tulikukuta unakimbia kuja mjini," alisema. "Ulikuwa umetupita."

"Nilipitiliza kidogo."

Walburga akatoa mlio ndani ya kitambaa. Lakini mzee Othmar bado alikuwa amesimama nje ya kizingiti, na nikaona viganja vyake vimeshika koti kama vilivyokuwa kwenye gari. Nikakumbuka aliyoniambia akidhani mimi ni mtu wa Namswea. Mtu kama huyo humdanganyi mara mbili asubuhi moja.

"Nilipotea, mzee," nikasema. "Nilikuwa nalitafuta ziwa."

"Ziwa?"

"Jua lilinipiga mgongoni. Nikajua maji yako mbele."

Victor na Steven wakatazamana, hawakuelewa. Lakini mzee Othmar aliinamisha kichwa kidogo, akafikiri, na nikaona anaelewa, maana ameshafika ziwani mara nyingi kununua samaki, ameshasimama Liuli asubuhi.

"Asubuhi," alisema. "Ndiyo. Milima nyuma."

"Ndiyo hivyo."

"Mimi tangu nishuke basi nautafuta mlima," alisema mzee Othmar. "Hata mmoja. Jana Kimara nilitoka nje kusali, nikashindwa kujua nimetazama wapi. Watu hawa wanaishije?"

"Sijui, mkwe. Wanasoma mabango. Na mabango yenyewe yana uongo."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka ndani ya lile koti, na akavuka kizingiti bila kungoja niseme karibu ya pili. Nikamvua koti mwenyewe, shati lake lilikuwa limeloa kama langu. Walburga akapita akanipiga kofi la mgongo, akaniambia kwa Kimatengo neno ambalo nililielewa vizuri sana, la sokoni, wanaloambiwa wauza dagaa wenye mchanga.

Wakakaa. Steven akasema maneno ya mshenga, kikapu kikawekwa mezani, na kazi yangu ya mwisho ikafika. Nikamwita Herieth. Akaja, akasimama mbele ya wazee wote, ameinamisha macho kama inavyotakiwa. Nikakohoa, nikasimama wima, sauti yangu ikarudi yote, tena na ziada. Nikamwambia, mwanangu, wageni hawa wametoka mbali, wamevuka milima, na mimi mjomba wako nimewafuata kwa miguu mpaka Kimara, huku nikikumbuka siku ile nilipobeba tenga kutoka Liuli mpaka Mbinga. Je, unawafahamu? Tuwapokee?

Herieth aliinua macho. Hakumtazama mzee Othmar, alitazama chini, kwenye zulia la kaka yake.

"Wapokeeni," alisema. "Lakini kwanza mjomba akae. Anamwaga damu kwenye zulia la watu."

Nikakaa.